SOMO: Kupima hewa inavyofyonza mikrowevu kwa dishi la TV

Wakuu, nimejibu hili inboksi mpaka nimechoka. Naliweka hapa mara moja. Nipo Dar.

Kinachofyonza mawimbi hutoa pia mnururisho wake. Ukilaza dishi unapitisha macho kwenye hewa nene zaidi, usomaji unapanda. Mpando huo ndio tunaoutaka.

1. Dishi la sentimita 90, LNB (kichwa cha dishi kinachopokea na kukuza mawimbi) ya Ku (masafa ya TV ya satelaiti), SDR (redio inayosomwa kwa kompyuta) na kompyuta. Volti za LNB zisiingie kwenye SDR, itaungua.

2. Chagua siku isiyo na wingu.

3. Soma nyuzi 90, 42, 30 na 20 kutoka upeo wa macho: unene wa hewa mara 1, 1.5, 2 na 2.9 ya ule wa utosini (juu kabisa ya kichwa). Laza kuelekea kusini tu. Mkanda wa satelaiti za TV hapa Dar unapita kama nyuzi 8 kaskazini mwa utosi, na mawimbi yake yataharibu usomaji.

4. Sponji nyeusi ya kufyonza mawimbi. Hii ni ya kulinganishia, kwa sababu joto lake tunalijua. Hapa ndipo nilipoharibu wiki nzima. Nilifunika mdomo wa LNB kwa sponji mara moja asubuhi, nikaendelea na pembe zote. Jua likaipiga LNB, ikachemka, nguvu yake ikashuka, na grafu ikaonyesha anga linapoa kadiri ninavyolaza dishi. Haiwezekani! Funika kabla na baada ya KILA pembe. Sponji ikae kivulini na kipimajoto. LNB iwake saa nzima kabla ya kuanza.

5. Anza kwa kukadiria anga la utosini lina kelvini 8. Kadirio hilo pamoja na joto la sponji ndivyo vinavyogeuza usomaji kuwa kelvini. Chora kelvini dhidi ya hewa. Mstari ukirudishwa hadi hewa sifuri uangukie 2.7, joto la mnururisho wa ulimwengu. Usipoangukia, badili kadirio urudie. Mfano, mpando wa kelvini 5 kwa kila hewa moja, gawa kwa 270 (kadirio la joto la hewa kwa kelvini): 0.0185, yaani hewa ya utosini inafyonza desibeli 0.08.

Swali: Mkuu, hii inafungua chaneli za bure?
Jibu: Hapana. Soma mada.

Swali: Nimefunika sponji mara moja tu, majibu yamepinda.
Jibu: Hatua ya 4.

Swali: Oksijeni na mvuke utavitenganishaje?
Jibu: Swali zuri sana, ndugu yangu. Oksijeni haibadiliki sana, mvuke ndio unaopanda na kushuka. Rudia kipimo masika na kiangazi, tofauti kubwa ni ya mvuke. Mvuke wenyewe una mstari wake (masafa unayoyafyonza kwa nguvu) gigahezi 22.235, mistari ya oksijeni imerundikana karibu na 60. Mwanafizikia Dicke na wenzake walipima mvuke kwa njia hii ya kulaza antena, wakachapisha 1946.

Swali: Nairobi je?
Jibu: Mkanda wa satelaiti unapita karibu na utosi kwenu. Anzia nyuzi 60 kusini, hewa mara 1.15.

Mchangiaji: Nyongeza: alfajiri futeni umande kwenye kifuniko cha LNB. Matone machache yalinipandishia usomaji.
Jibu: Asante, naiongeza hatua ya 2.