TV ya gemu za zamani ukiwa Marekani: uliza hezi kabla ya inchi

Ukitua Marekani na PlayStation ya kwanza uliyoifungasha kutoka nyumbani, au Sega iliyokuwa ya kaka, kila mtu atakuambia utafute TV ya chogo. Ni kweli. Wasichokuambia ni kwamba chogo la Marekani na chogo la sebuleni kwenu vinafanana umbo tu. Mimi niliuziwa moja kwenye duka la mitumba, muuzaji akaapa kwamba inakubali kila kitu. Nilipoiunganisha, picha ikatoka nyeusi na nyeupe, inapanda juu bila kutulia kama pazia linalovutwa. Niliporudi dukani nikaambiwa TV ni nzima, konsoli yangu ndiyo mbovu, na kitu cha mtumba hakirudishwi. Konsoli ilikuwa nzima. TV nayo, kusema haki, ilikuwa nzima.

Ugomvi uko kwenye mfumo wa picha. Marekani, kama Japani, walijenga televisheni zao kwa NTSC: mistari 525, skrini inachorwa upya mara 60 hivi kwa sekunde, yaani hezi 60. Kwetu Tanzania, kama sehemu kubwa ya Ulaya, ni PAL: mistari 625, mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Hiyo 60 na 50 imefuata umeme wa gridi ya Marekani na ya Ulaya. Rangi nazo zinabebwa kwa njia tofauti. TV ya chogo iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, ukiilisha hezi 50 za PAL, mara nyingi inashindwa kuishika picha, na rangi haizioni.

Kwa nini hatukulijua hili? Kwa sababu TV nyingi tulizokulia zilipitia Dubai. Zile zilitengenezwa kwa soko la mataifa mengi: ukifungua menyu unakuta PAL, NTSC na hata SECAM, ule mfumo wa Ufaransa, na umeme wowote kati ya volti 110 na 240. Mjomba wa Muscat akileta deki, inawaka. Shemeji akituma kanda ya harusi kutoka Marekani, inaonekana. Tukadhani TV zote duniani ndivyo zilivyo. Kumbe ni sisi wa pembeni tuliotengenezewa chombo kinachoelewa lugha za wote. Mmarekani hakuhitaji hayo, soko lake lilimtosha. Ndiyo maana muuzaji anaweza kuapa kwa moyo mweupe kwamba TV yake inakubali kila kitu, maana "kila kitu" alichowahi kukiona ni cha Marekani. Hili utalikuta hapa hata kwenye karatasi za kazi na leseni: watu wakarimu, lakini hawafikirii kwamba kuna namna nyingine ya kufanya mambo. Usimtegemee muuzaji. Narudia: usimtegemee muuzaji, hata akiwa kijana wa duka la gemu mwenye fulana ya Mario.

Uliza hezi kabla ya inchi. Anza na konsoli yako kwa kuipindua usome kibandiko cha chini. PlayStation ya kwanza ina namba inayoanza na SCPH. Tarakimu ya mwisho ikiwa 1, ni ya Marekani. Ikiwa 2, ni ya Ulaya, yaani PAL. 0 ni ya Japani. Kibandiko hicho hicho kinasema volti. Ya kwetu inataka 220 hadi 240, na ukuta wa hapa unatoa 120, kwa hiyo utahitaji transfoma ya kupandisha. Lakini sikiliza: transfoma inatibu umeme, haigusi picha. Nimeona watu wananunua transfoma nzito kama tofali halafu wanashangaa picha bado inapanda.

Ukishajua ulichonacho, njia rahisi kuliko zote ni kuiacha konsoli ya nyumbani ipumzike na kununua ya Marekani kwa TV ya Marekani. Inauma kidogo, najua, na diski zako za PAL hazitasoma kwenye mashine ambayo haijachipiwa, yaani haijawekewa chipu ya kukubali diski za nchi nyingine. Lakini kuna zawadi ndani yake. Gemu nyingi za PAL zilihamishwa kivivu kutoka hezi 60 kwenda 50, zikawa na kasi pungufu kwa karibu asilimia 17 na pengine vipande vyeusi juu na chini. Sonic wa kwanza, wa 1991, tuliyemjua kwenye Sega Mega Drive ya PAL alikuwa anatembea, na muziki wake ulikuwa unavutika. Hapa utamkuta anakimbia.

Kama moyo hautaki kuachana na mashine ya nyumbani, tafuta zile monita za Sony zinazoitwa PVM, zilizokuwa zikitumika kwenye studio na hospitali. Nyingi zinakubali PAL na NTSC, na picha yake ni safi ajabu. Bei ndiyo imepanda. Vitu ambavyo Wamarekani walikuwa wanavitoa barabarani na karatasi ya "chukua bure", leo wanauziana kwa bei ya kumbukumbu.

Mbali na hezi, kuna mtego wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitoka TV za chogo zenye HD, pana, nzuri machoni, nyingine zaidi ya kilo 80. Muuzaji ataiita bora kuliko zote. Kwa gemu za zamani siyo. Ndani yake picha inageuzwa kuwa ya kidijitali kwanza, kwa hiyo unabonyeza pedi na mwanasesere anachelewa kuruka, na ile bastola ya kupigia bata kwenye gemu haifanyi kazi kabisa. Chukua chogo la kawaida la inchi 20 hadi 27, lenye tundu la mviringo la S-Video au yale matundu matatu ya kijani, bluu na nyekundu. Nenda na konsoli yako, iwashe dukani, iache nusu saa. Akikataa usijaribu, ondoka.

TV bapa? Inawezekana, lakini hezi zinakufuata hadi huko. TV nyingi bapa za Marekani zinakataa hezi 50, nyingine zinakubali kwa HDMI tu. Halafu nyingi huisoma picha ya mistari 240 ya konsoli za zamani kana kwamba ni ya 480 inayochorwa nusu nusu, mistari ikipishana, ndiyo maana vivuli vinavyometameta vinapotea na kila kitu kinachelewa. Vile vikasha vya bei ya chipsi kuku vinavyogeuza waya wa njano kuwa HDMI vina ugonjwa huo huo, na kitufe chao cha PAL na NTSC mara nyingi hakibadilishi unachofikiri kinabadilisha. Kifaa cha maana ni kigeuzi kilichotengenezwa kwa ajili ya konsoli za zamani, kama OSSC au RetroTINK. OSSC haicheleweshi picha, ila nayo haibadilishi hezi: ukiingiza 50, inatoka 50. Washa pia hali ya gemu kwenye menyu ya TV.

Sasa ndugu zangu wa nyumbani, kwa upole. Shangazi, ukiniambia nikupakilie TV kwenye kontena kwa sababu "huko wanazitupa", nakuelewa. Mambo ya bandarini unayajua kuliko mimi. Lakini TV hiyo mara nyingi inataka volti 120. King'amuzi chako kinatoa hezi 50, na hata ile iliyo bapa imetengenezwa kupokea matangazo ya mfumo wa Marekani, siyo DVB-T2 ya kwetu. Utalipia usafiri, utalipia ushuru, halafu fundi wa Kariakoo atakucheka na bado umlipe. Tuma hela nikuongezee, ununue huko huko.

Na wewe wa huku, chogo likifa usilifungue kama hujasomea. Ndani ya bomba la picha hubaki umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomoa plagi, na mafundi wa kulitengeneza hapa ni wa kutafuta kwa tochi. Usilitupe jalalani pia, majimbo mengi yanakataza. Piga simu ofisi ya taka ya mji wako uulize siku ya kupokea vifaa vya umeme. Pengine watakutoza kulipokea, na lile lenye HD watataka mje wawili kulishusha.