Kubishana movi pale Mkunguni, Lamu, bila kugombana

Kwanza itazame movi yenyewe mpaka mwisho, si vipande vya dakika mbili kwa simu alafu unakuja Mkunguni mbele ya ngome kupaza sauti, wazee wa kahawa watakubana kwa swali moja tu ukwame.

Alafu shika sini moja unayoijua vizuri. Mtu akisema Lupita Nyong'o alipewa Oscar bure 2014, usimtukane, muulize anakumbuka kwenye 12 Years a Slave vile Patsey, yule mtumwa aliyemuigiza, alivyorudi na kile kipande cha sabuni, akakinyosha mkononi huku analia kwamba ananuka mpaka yeye mwenyewe anatapika, na hiyo ndo movi yake ya kwanza kubwa jamani! Hapo mtu hunyamaza akanywa kahawa yake.

Usichanganye hela na uigizaji. Shah Rukh Khan wa Bollywood 2023 alivunja rekodi na Pathaan na Jawan, sawa, lakini mimi nampima kwa Swades ya 2004, pale kwa treni ananunua maji kwa yule mtoto, hasemi kitu, macho tu.

Na kama kuna mtu barazani hajaitazama, mwisho usiutaje kabisa.