Kujua mimba ilitungwa lini: hesabu ninayowafanyia mama wa Kadutu

Siku ya CPN (kliniki ya mama wajawazito) hapa Kadutu, mjini Bukavu, mama mmoja aliniletea karatasi ya ekografia, kile kipimo cha picha ya mimba tumboni, huku analia. Mume wake alikuwa amerudi kutoka Kamituga tarehe 16 Machi, akahesabu majuma yaliyoandikwa pale, yakamfikisha tarehe 8. "Mimba si yangu," akasema. Tulikaa chini na kalenda, tukaanza.

Kwanza, tafuta siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Yake ilikuwa 3 Machi. Uliza vizuri kama damu ilitoka kama kawaida, maana matone kidogo yanaweza kutokea mimba ikiwa tayari imeingia, na ukiyahesabu kama hedhi utakosea kwa majuma kadhaa.

Pili, uliza mzunguko wake ni wa siku ngapi. Yai hutoka siku 14 hivi kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo usimpe kila mtu siku ya 14. Huyu mama ana mzunguko wa siku 33: toa 14, inabaki 19. Ongeza 19 kwenye 3 Machi, unapata 22 Machi.

Tatu, rudi nyuma siku 5. Mbegu ya mwanaume huweza kukaa hai siku hizo zote ikisubiri yai, lakini yai lenyewe halimalizi zaidi ya siku moja. Basi tendo lilikuwa kati ya 17 na 22 Machi, na bwana alikuwa nyumbani.

Sasa karatasi. Ilipigwa 20 Mei, ikaandika majuma 10 na siku 3. Hapa ndipo ndoa nyingi zinapoumia: majuma ya ekografia huhesabiwa kama kutoka hedhi, yaani majuma 2 hivi kabla mimba haijatungwa. Toa hayo 2, zinabaki siku 59. Rudi nyuma kutoka 20 Mei: 22 Machi tena.

Ekografia ya miezi mitatu ya kwanza hukosea kwa siku 5 hadi 7 tu. Ya mwisho wa mimba inaweza kukosea hata majuma 3, msiitumie kuhukumu mtu. Na kama wanaume ni wawili ndani ya juma moja, kalenda haitawatenganisha. Hiyo ni kazi ya kipimo cha DNA.

Nilimwambia arudi na bwana wake. Walikuja Alhamisi, na kalenda aliishika yeye mwanaume.