Mboga za Mitungini Mombasa: Chunguza Chokaa na Chumvi Kabla ya Kununua Mbolea

Wakaazi wengi wa Mombasa wanaopanda sukuma wiki, nyanya, pilipili na mchicha uani au roshanini, katika mitungi iliyokatwa, ndoo na magunia, huchukua hatua ile ile wanapoona majani yakigeuka manjano: huenda agroveti, wakanunua CAN (mbolea ya naitrojeni) au NPK (mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu), na kuitia. Bara, ambako mashamba mengi yana udongo wa asidi uliochoshwa na kilimo cha miaka mingi, hatua hiyo mara nyingi huleta nafuu. Katika sehemu kubwa ya mji huu, hata hivyo, manjano hayo hutokana na chokaa iliyomo udongoni au chumvi iliyomo majini, na kwa kuwa mbolea ya dukani nayo ni aina ya chumvi, kuiongeza kunaweza kuuzidishia mmea taabu. Kwa hiyo uchunguzi wa udongo na maji unapaswa kutangulia ununuzi.

Udongo tulio nao

Kisiwani, Nyali, Bamburi na sehemu za Likoni, udongo umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao kwa asili yake ni chokaa. Ndio mwamba uliochimbwa Bamburi kwa ajili ya kutengeneza saruji. Ukivuka kuelekea Changamwe na Miritini, mwamba wa chini si matumbawe, na udongo huwa mzito zaidi, hivyo taabu kubwa huko ni maji kutuama. Mtu anayechota udongo wa kujaza mitungi kutoka kwenye kiwanja cha ujenzi kilicho karibu naye anafaa kujua kwanza kiwanja hicho kiko upande gani, na pia kama udongo huo haukuchanganyika na vumbi la saruji.

Kipimo rahisi cha chokaa hakihitaji maabara. Chukua kijiko cha udongo mkavu, kiweke katika kisahani, kisha udondoshee siki nyeupe. Udongo ukichemka na kutoa povu, una chokaa ya kutosha kuupandisha pH, yaani kipimo cha asidi na ualkali (kinyume cha asidi), hadi kati ya 7.5 na 8.4, ilhali mboga nyingi hustawi pH ikiwa kati ya 6.0 na 7.0. Katika hali hiyo madini ya chuma, manganizi na zinki huwamo udongoni lakini hayayeyuki, na mizizi haiwezi kuyanywa. Fosforasi nayo hushikana na kalisiamu ikawa haipatikani kwa urahisi. Udongo usiotoa povu lolote haumaanishi kwamba hauna kasoro, ila angalau chokaa si mshukiwa wa kwanza.

Baadhi ya wakulima hushauriwa kununua salfa ili kuishusha pH. Kwa udongo usio na chokaa huru, ushauri huo ni mzuri. Kwa udongo wa matumbawe, hesabu yenyewe inakatisha tamaa: kila kilo moja ya chokaa huhitaji takriban gramu 320 za salfa ili imalizike, na mtungi wenye kilo 20 za udongo ambao asilimia 5 yake ni chokaa tayari una kilo hiyo moja. Udongo wa mtaani unaweza kuwa na chokaa mara kadhaa ya hiyo, na salfa nyingi kiasi hicho huacha chumvi nyingine nyuma yake. Fedha hizo zitumike vizuri zaidi kubadilisha mchanganyiko wa mtungini.

Kwa sababu hiyo hiyo, majivu ya jikoni na maganda ya mayai yaliyosagwa, ambayo hupendekezwa sana na jamaa walioko bara, hayafai kwenye udongo uliotoa povu. Majivu huongeza potasiamu, ni kweli, lakini pia huongeza ualkali, nao ndio tulio nao kwa wingi kupita kiasi.

Maji

Maji ya kisima na ya dirili (kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine) katika mitaa mingi ya Mombasa ni ya chumvi, na maji ya mkokoteni yanaweza kuwa matamu leo na ya chumvi wiki ijayo, kutegemea yalikochotwa. Ulimi husaidia, lakini mmea huumia hata pale ambapo ulimi haujaanza kulalamika. Kifaa kidogo cha kupima upitishaji wa umeme katika maji hutoa jibu bora zaidi, kwani chumvi inapozidi majini umeme hupita kwa urahisi zaidi: maji yaliyo chini ya desisimensi 0.7 kwa mita (kizio cha upitishaji huo) hayana tatizo, yaliyo kati ya 0.7 na 3.0 yanahitaji uangalifu, na yaliyozidi 3.0 hayafai kwa mboga nyingi. Kwa asiye na kifaa hicho, sabuni inayokataa kutoa povu ni dalili ya maji magumu, yaani yenye kalisiamu na magnesiamu nyingi, ambayo mara nyingi huja pamoja na chokaa na polepole huupandisha pH ya mchanganyiko uliokuwa mzuri siku ya kupanda.

Dalili za chumvi huonekana bila shida iwapo mtu ameuinamia mtungi: ukoko mweupe juu ya udongo na pembeni mwa chombo, ncha na kingo za majani zilizoungua, na mmea unaonyauka mchana ingawa udongo una unyevu. Hali huwa mbaya zaidi wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, kwa sababu jua kali na upepo hukausha maji upesi na kuiacha chumvi pale pale. Mwenye maji matamu kidogo asiyamwage kwa kunyunyiza juu juu kila siku. Ni afadhali, kila baada ya wiki mbili, ayatie mtungini kwa wingi mpaka maji mengi yatoke kwenye matundu ya chini, yakiondoka na chumvi. Katika umwagiliaji wa kawaida pia, takriban sehemu moja ya tano ya maji inafaa ivuje chini. Chombo kisicho na matundu hakiwezi kuoshwa kwa namna hii, na hapo hakuna mbolea itakayosaidia.

Mvua ya masika, Aprili hadi Juni, huosha mitungi bure, na ya vuli, Oktoba hadi Desemba, husaidia pia. Ukikinga maji ya paa, acha ya mwanzo yapite, kwani yamebeba vumbi na chumvi ya upepo wa bahari.

Kuna jambo ambalo wapandaji wengi hulipuuza, nalo ni kuchagua mboga kulingana na maji waliyo nayo. Maharagwe huanza kupoteza mazao chumvi ya udongoni ikifika desisimensi 1.0 hivi kwa mita, pilipili 1.5, nyanya 2.5, lakini kunde huvumilia hadi karibu 4.9. Nyumba inayotegemea dirili na inayong'ang'ania maharagwe inajitafutia kazi isiyo na malipo, ilhali kunde, ambayo majani yake huliwa tangu zamani pwani nzima, ingeota bila kubembelezwa.

Kusoma majani

Mtu akishajua hali ya chokaa na maji, majani humsaidia kumaliza uchunguzi. Swali la kwanza ni kama manjano yameanzia majani ya chini yaliyozeeka au majani machanga ya juu. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu zinaweza kuhamishwa na mmea kutoka jani kuukuu kwenda jani jipya, kwa hiyo upungufu wake huonekana chini kwanza. Chuma, manganizi, zinki na kalisiamu hazihami kwa urahisi, au hazihami kabisa, kwa hiyo upungufu wake hujitokeza juu.

Jani changa lililo manjano huku mishipa yake ikibaki kijani ni dalili ya upungufu wa chuma, na Mombasa ndiyo dalili inayodanganya watu kuliko zote, kwa sababu hufanana kwa mbali na njaa ya naitrojeni. Dawa yake si CAN. Kama udongo ulitoa povu kwa siki, tafuta chelati ya chuma, yaani chuma kilichofungwa kwa kiambata kinachokifanya kibaki kimeyeyuka, na usome kibandiko kabla ya kulipa: aina yenye herufi EDDHA hubaki ikifanya kazi kwenye udongo wa chokaa, lakini aina ya EDTA huharibika upesi pH inapozidi 6.5 hivi, na iwapo ndiyo pekee iliyopo dukani, basi inyunyizwe kwenye majani jioni badala ya kumwagwa udongoni. Misumari yenye kutu iliyofukiwa mtungini haifai kitu hapa, kwani kutu hiyo ni chuma kisichoyeyuka, na tunacho tele. Udongo unaotuama maji nao huleta dalili hii hii, hivyo angalia matundu kabla ya kununua chochote.

Majani ya chini yakigeuka manjano yote, pamoja na mishipa, na mmea ukadumaa, hiyo ni naitrojeni, na hutokea sana kwenye mchanganyiko wenye mchanga mwingi baada ya mvua kubwa. Kijiko kimoja cha chai cha CAN kwa mtungi wa lita 20, kila baada ya wiki tatu hivi, kikitiwa mbali na shina na kumwagiwa maji, kinatosha. Panapokuwa na chokaa, salfeti ya amonia ni bora kuliko urea, maana hupunguza ualkali kidogo kidogo, ilhali urea iliyoachwa juu ya udongo wa chokaa hupotelea hewani kama amonia.

Manjano yaliyo kati ya mishipa kwenye majani ya zamani huashiria magnesiamu. Chumvi ya haluli (salfeti ya magnesiamu), kijiko kimoja cha chai katika lita moja ya maji, ikinyunyizwa majanini mara mbili au tatu kwa kupishana wiki moja, hurekebisha. Rangi ya zambarau na kudumaa ni fosforasi, ambayo ni vyema iwekwe karibu na mizizi siku ya kupanda, ikichanganywa na mboji. Kingo za majani ya chini zilizoungua zinaweza kuwa potasiamu, lakini kwa maji yetu shuku chumvi kwanza.

Nyanya inayooza kitako inastahili neno lake. Mwenye duka atakuuzia kalisiamu ya kunyunyiza, na kitaalamu ni kweli kwamba tunda hilo limekosa kalisiamu. Hata hivyo, udongo wa matumbawe na maji magumu vina kalisiamu nyingi. Kilichokosekana ni maji ya kuipeleka tundani bila kukatizwa. Mmea ulionyauka Jumatatu na kufurikishwa maji Alhamisi, au uliojaa chumvi, utaoza kitako hata ukizungukwa na chokaa. Mwagilia kiasi kile kile kila siku, weka matandazo, na upunguze naitrojeni. Kudondoka kwa maua ya nyanya nako si suala la mbolea: joto la mchana likizidi nyuzi 32 na la usiku likibaki juu ya nyuzi 21, maua mengi hayashiki. Panda ili mmea utoe maua wakati wa kusi, kati ya Juni na Septemba, ambapo joto hupungua.

Mchanganyiko wa mtungini

Sehemu moja ya udongo usiotoa povu, sehemu moja ya mboji iliyoiva, na sehemu moja ya vumbi la makumbi ya nazi huwa mchanganyiko mzuri na mwepesi. Makumbi yana sharti moja. Kwa asili yana chumvi, na yale yaliyofukiwa ufuoni ili kulainishwa kwa kazi ya kamba yana chumvi zaidi, hivyo vumbi lake liloweshwe usiku kucha katika maji matamu na kukamuliwa mara tatu, au mpaka maji yanayotoka yawe maangavu. Mchanga wa ufukweni usitumiwe kabisa, kwa kuwa una chumvi na pia ni vipande vya matumbawe na makombe, yaani chokaa tupu.

Samadi ya mbuzi ni nzuri ikishakaa miezi miwili au mitatu chini ya kivuli ikigeuzwa. Ya kuku ni kali na ina chumvi zaidi, kwa hiyo isizidi sehemu moja ya kumi ya mchanganyiko. Anayedhani kwamba viumbe hai na majani makavu haviwezi kushindana na mwamba wa chokaa akatazame machimbo ya Bamburi, ambako upandaji wa miti ulianza mwaka 1971 juu ya matumbawe yaliyo wazi. Mvinje ulistahimili, majongoo waliopelekwa huko wakayatafuna majani yake yaliyoanguka, na udongo ukaanza kujengeka hadi miti mingine ikaweza kuota. Mboji hufanya kazi hiyo hiyo mtungini, ila huoza na kupungua, na inahitaji kuongezwa kila msimu.

Anayetaka uhakika zaidi apeleke nusu kilo ya udongo, uliochotwa kutoka mitungi kadhaa na kukaushwa kivulini, kwa maabara ya udongo, akielekezwa na afisa wa kilimo wa wadi yake. Aombe kipimo cha pH, chumvi na kaboni ya mboji, na apeleke chupa ya maji pia. Ripoti ya udongo bila ya maji, kwa mji huu, ni nusu ya habari.

Baada ya kurekebisha, usitazame majani yaliyokwisha kuharibika, kwa sababu mengi hayarudi kijani. Tazama yanayochipuka: tiba ya chuma huonekana kwenye majani mapya ndani ya wiki moja au mbili. Ikipita wiki ya tatu bila mabadiliko, ng'oa mche mmoja na uoshe mizizi yake. Mizizi myeusi inayonuka ni ya maji kupita kiasi. Mizizi yenye vinundu vigumu visivyobanduka ni ya minyoo fundo, ambayo hupenda udongo wa kichanga wenye joto na huufanya mmea uonekane una njaa. Usivichanganye na vinundu vya kunde na maharagwe, ambavyo hubanduka kwa kidole na ndani ni vyekundu hafifu. Udongo wenye minyoo hiyo uloweshwe, ufungwe ndani ya plastiki angavu, na uachwe kwenye jua la kaskazi kwa wiki nne hadi sita kabla ya kupandwa tena.