Namna ya Kutumia Fasihi ya Kale Katika Maneno ya Wimbo

Anza na kitabu ulichokisoma mwenyewe hadi mwisho, kwa maana rejeo lililookotwa kwenye muhtasari hujulikana upesi, nalo humvunjia heshima msikilizaji anayekifahamu kisa hicho. Kisha chagua tukio moja tu, wala usijaribu kuibeba hadithi nzima ndani ya dakika tatu. Mwimbaji Mwingereza Kate Bush, katika wimbo wake wa mwaka 1978 uliotokana na "Wuthering Heights", riwaya ya Emily Brontë ya mwaka 1847, hakusimulia mambo ya vizazi viwili yaliyomo katika riwaya hiyo. Aliishika sauti ya Catherine, mzuka aliye nje ya dirisha akiomba kufunguliwa, na kwa hiyo hata asiyeijua riwaya huuhisi upweke ule. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote: mwimbie mtu ambaye hajakisoma kitabu, na iwapo ubeti hauna maana kwake bila maelezo, uandike upya.

Waweza pia kuubadili mwisho. Taylor Swift, katika "Love Story" ya mwaka 2008, aliwachukua Romeo na Juliet wa Shakespeare akawapa ahadi ya ndoa badala ya kifo, na uamuzi huo una nguvu kwa sababu msikilizaji anaukumbuka msiba wa asili.

Majina ya wahusika yatumie kwa uchache. Maneno ya mwandishi ambaye kazi yake ingali inalindwa na hakimiliki usiyanukuu kabla ya kupata idhini.