Kukodi ofisi ya mwezi kwa mwezi Mji Mkongwe: anza na ukuta

Juzi nimemaliza kumhamishia ofisi binti wa mjomba wangu. Wako wanne, wanafanya tafsiri na hesabu za watu, na walichotaka ni chumba cha upande wa Kiponda au Hurumzi wanachoweza kukilipia mwezi kwa mwezi. Kazi ikizidi wachukue na cha pili, ikipungua wakirudishe. Mimi kazi yangu ni kufunga mitandao, na nimeshaingia nyumba nyingi za Mji Mkongwe nikiwa na mkungu wa waya begani. Naandika hatua kama nilivyompitisha yeye.

Hatua ya 1: Kiti au chumba

Kama uko peke yako na laptopu, chukua kiti katika ofisi ya pamoja, lipa kwa siku au kwa wiki, na katika mwongozo huu soma hatua ya 3 tu. Mkiwa watatu na kuendelea, au mkishika karatasi za siri za wateja, tafuteni chumba chenye mlango na ufunguo.

Hatua ya 2: Nyumba ni ya nani

Nyumba za Mji Mkongwe zina wenyewe wa aina tatu. Ziko za Serikali, nyingi zikiwa zimeingia mikononi mwake baada ya Mapinduzi ya 1964. Ziko za wakfu, zinazosimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Na ziko za watu binafsi, ambazo mara nyingi ni za mirathi.

Anayekuonesha chumba anaweza kuwa yeye mwenyewe ni mpangaji. Muulize kwa adabu: "Shikamoo mzee, mkataba nitausaini na nani?" Akitaja Shirika la Nyumba, lile la Serikali, au Kamisheni, nenda ukaulize huko huko kama chumba kinaweza kupangishwa kwa ofisi, na uombe jibu la maandishi. Nyumba ikiwa ya mirathi, taka kuona karatasi inayompa mmoja wao mamlaka ya kupangisha kwa niaba ya wenzake. Ndugu mmoja aliyeko Muscat ambaye hakuulizwa anatosha kukutoa chumbani katikati ya mwezi.

Hatua ya 3: Ukuta

Hapa nitakaa sana, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza siku nzima na usiku wake.

Kuta za nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake unafika nusu mita, kwengine unapita. Dari na sakafu za juu ni boriti za mikoko zilizolazwa karibu karibu, juu yake mawe na chokaa. Boriti hazivuki nafasi kubwa, ndiyo maana vyumba vingi vina upana wa mita 3 hivi na urefu wa kutosha. Kwa ofisi maana yake meza zikae kwa safu moja kando ya ukuta. Usichore zile meza za kuelekeana ulizoziona kwenye picha za ofisi za ghorofa za kioo.

Kwanza unyevu. Kagua chumba wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, ukiweza. Usipoweza, tazama sehemu ya chini ya ukuta, kimo cha goti hadi kiuno. Ukiona unga mweupe kama chumvi, rangi iliyovimba, au plasta inayotoa sauti ya utupu ukiigonga kwa kidole, maji yamo ndani. Mara nyingi sababu ni kwamba mtu amepiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Chokaa hupumua, maji huingia na kutoka. Saruji huyafungia ndani, nayo chumvi huusaga ukuta taratibu kutoka nyuma. Rangi ya mafuta hufanya vivyo hivyo. Mwenye nyumba akikwambia "tutapaka rangi mpya", mwombe badala yake abandue saruji na apige chokaa, hata kama itakuchelewesha wiki kadhaa. Ukitaka hakika, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe pande zote nne, kiache siku mbili, kisha tazama kama upande wa ukutani una matone.

Usichukulie jambo hili kuwa la sura tu. Beit el Ajaib, lile jumba kubwa la Mji Mkongwe lililojengwa 1883, lilianguka sehemu yake ya mbele Disemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha. Kwa hiyo dari likiwa na boriti iliyopinda, au yenye unga wa mchwa chini yake, ondoka. Hakuna bei ya kujadili hapo.

Sasa intaneti. Nilifunga ruta moja nzuri ukumbini, katikati ya vyumba vitatu, nikapima, kila chumba kikawa na kasi ya kutosha. Asubuhi yake simu za malalamiko zikaanza: intaneti inakatika. Nikabadilisha ruta. Nikampigia mtoa huduma, tukabishana saa nzima, akanionesha kwamba laini yake haina tatizo. Nikabadilisha ruta tena. Saa nne usiku binti wa mjomba, aliyekuwa kwenye mazungumzo ya video na mteja, akanitolea kichwa akasema: "Kaka, inakatika kila mlango ukifungwa."

Basi. Mawimbi yalikuwa hayapiti ukutani hata kidogo, yalikuwa yanapita mlangoni. Nilipopima mchana milango yote ilikuwa wazi kwa sababu ya joto, na walipofanya kazi kweli waliifunga ili wasisikilizane. Mlango wenyewe ni wa mbao nzito ya unene wa vidole vitatu.

Kwa hiyo kabla hujasaini chochote, ingia chumbani na laptopu, kaa pale meza itakapokuwa, funga mlango na madirisha, kisha pima. Pima na mtandao wa simu pia, maana hiyo ndiyo akiba yako laini ikikatika, na katika vyumba vya chini vya vichochoro mtandao wa simu mara nyingi hufifia kabisa. Ukipima kwa masafa mawili ya Wi-Fi, 5 GHz na 2.4 GHz, utaona ya pili inavumilia ukuta zaidi kidogo, lakini usijenge ofisi juu ya hiyo "kidogo".

Dawa ni waya. Najua watu watakwambia ununue vile vikuza mawimbi vya kuchomeka ukutani. Mimi sivitaki katika nyumba hizi: kikuza mawimbi nacho kinahitaji kupokea mawimbi kwanza, na ukuta ule ule ndio uliokizuia. Vuta waya wa mtandao hadi kila chumba, na ndani ya kila chumba weka kituo chake kidogo cha Wi-Fi. Chagua vituo vinavyopata umeme kupitia waya huo huo wa mtandao, ili betri moja ya akiba iliyo kwenye swichi, yaani kifaa kinachogawa waya za mtandao, iviweke vyote hai umeme ukikatika.

Waya upite wapi? Usikimbilie kutoboa. Ndani ya ukuta ni mawe yasiyo na mpangilio, drili ikigonga jiwe hupotoka, na tundu la kidole hutoka likiwa la ngumi. Tumia njia zilizopo: uwazi ulio juu ya mlango, tundu la zamani la umeme, au ua wa ndani. Nyumba yenye ua wa ndani ni neema, unashusha waya mmoja kutoka juu na kuuingiza kila chumba kupitia dirisha la uani. Uwe waya wa nje unaostahimili jua, na uufunike kwa mfereji wa plastiki. Viungio uvikague kila baada ya miezi michache, hewa ya chumvi huvitia kutu ya kijani na kasi hushuka kidogo kidogo bila mtu kujua kwa nini.

Na upande wa barabarani usiguse kitu kabla ya kibali. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ndiyo inayoruhusu mabadiliko. Dishi, kibao cha jina la ofisi, kiyoyozi cha kuning'inia juu ya kichochoro, vyote uulize kwanza. Kiyoyozi kina tatizo jingine: maji yake yakichirizika ukutani, yote niliyosema kuhusu unyevu yanaanza upya.

Hatua ya 4: Umeme

Uliza mita ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, ni ya nani. Mita moja kwa vyumba vitano ni ugomvi kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo taka mita ndogo ya chumba chako. Umeme wa Unguja unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara, na wanaokumbuka giza la 2008, kisha miezi ile mitatu bila umeme ya kuanzia Disemba 2009, hawafungui ofisi bila akiba. Jenereta katika kichochoro itakugombanisha na majirani. Chukua inveta na betri, na betri zikae chini kabisa, si juu ya sakafu ya boriti.

Hatua ya 5: Mkataba

Wengi watataka kodi ya miezi 6 au mwaka mzima mbele. Sisi tulipatana miezi 3 ya mwanzo kwa mkupuo, kisha mwezi kwa mwezi, kwa notisi ya siku 30 kwa pande zote mbili. Andikeni nani anatengeneza ukuta na dari, na kwamba waya na vituo vya Wi-Fi ni mali yako ukiondoka. Kama mnapanga kwa jina la biashara, kumbukeni kodi ya zuio ya 10%, ambayo mpangaji huikata kwenye pango na kuipeleka mamlaka ya kodi, mkubaliane mapema kama bei iliyotajwa ni kabla au baada ya kuikata.

Hatua ya 6: Kuhama

Gari halifiki. Tafuta mkokoteni asubuhi mapema, kabla vichochoro havijajaa watu. Pima upana wa ngazi kabla hujanunua meza. Zetu zilipita kwa sababu zinafunguliwa miguu, kabati la chuma likarudi dukani.