Namna ya kupiga goli la futboli ya Australia na balo ya rugby, huku Goma

Binamu yangu alipata kwenda kuishi Melbourne na familia, na kila juma ananitumia video za muchezo wao, balo iko sawa yai, batu 18 kila upande, na goli ni poto ine zimesimama tu bila muti wa juu. Mwanzo nilicheka. Sasa niko nafundisha bapeti ba mtaani kucheza mbele, na kila mutu ananiuliza ileile, goli inapigwa je, njo naandika mara moja tuimalize.

Poenti kwanza. Balo itoke ku muguu wako na ipite kati ya poto mbili ndefu za katikati bila mutu kuigusa, hiyo goli, poenti 6. Zile poto zimeachana mita 6.4. Ikipita pembeni, kati ya ndefu na fupi, unapewa 1 ya kukufariji.

Sasa shuti lenyewe, banaiita dropu panti. Shika balo na mikono mbili, vidole vimefunguka pembeni, ncha moja inaangalia chini, ya juu imekuinamia kidogo. Hapa njo batoto bote banaharibu: anairusha juu kama kipa, balo inayumba, kisha analaumu kiatu. Muguu hauwezi kutengeneza kitu mukono umeharibu. Hautupi, unaiteremusha. Kama unapiga na wa kuume, mukono wa kushoto unaachia kwanza, wa kuume unaisindikiza chini mbele ya paja paka iko karibu kabisa, halafu unaachia. Vidole vya muguu nyoosha, kifundo kaza, gonga ile ncha ya chini pale penye kamba za kiatu. Ikitoka vizuri inazunguka kurudi nyuma, ncha juu ya ncha, na unasikia sauti kavu, pu! Ikizunguka kwa ubavu sawa sahani, jua uliiachia imelala.

Fanya kuachia tu mara hamsini bila kupiga, uangalie kama inaanguka wima. Lakini si juu ya makoro jamani, yale mawe ya volkano! Sisi tulipasua balo siku ya kwanza kabisa na mwenye balo paka leo hanisalimii. Tafuta nyasi.

Kisha kuna kazi ya mbele yenyewe, na hii njo batu habaione mu video juu kamera inafuata balo. Mwenzako akipiga balo ikaenda angalau mita 15, na wewe ukaidaka kabla iguse chini au iguse mutu mwingine, inaitwa maki, muchezo unasimama kwa ajili yako, beki hawezi kukugusa. Kama uko unalenga goli unapewa sekunde 30. Kwa hiyo usisubiri balo ikukute. Jifanye unaenda nyuma, beki akikufuata tu, geuka ukimbie kwa nguvu kumuelekea mwenye balo, mikono mbele, udake na vidole. Ukidaka na kifua, beki anaweka ngumi kati yako na balo, na hiyo ni halali.

Bapeti bananiuliza kama mutu anaweza kuingia AFL, ligi kubwa ya Australia, alianza mukubwa. Mason Cox, mutu wa Texas ku Amerika, alicheza basketi ku chuo kikuu cha Oklahoma State, urefu sentimita 211, timu ya Collingwood ikamuchukua 2014, mechi yake ya kwanza 2016 shuti ya kwanza ikawa goli, na 2023 akabeba kombe. Majak Daw, alizaliwa Khartoum, naye 2013 mu timu ya North Melbourne shuti yake ya kwanza ilikuwa goli. Ila bale balikuwa tayari mu Australia ao balitafutwa na timu, so usiuze mbuzi ya baba juu ya hadisi hii.

Tony Lockett, mushambuliaji wa zamani wa AFL, alifunga goli 1,360, hakuna aliyemufikia. Mimi nataka tu saba kwa kumi kutoka mita 20. Hesabu hatua zako za kurudi nyuma, ziwe zilezile kila mara, angalia kitu nyuma ya poto (sisi tuna muti wa avoka), tembea, kisha ongeza mwendo. Jana peti mumoja alifikisha sita, ya saba ikaenda kugonga chukudu (ile kinga ya miti ya kubeba mizigo) ya mzee wa viazi, na tukaacha antrenema tukaanza kuokota viazi.